Panzi wa Ganda la Muti: Historia ya Jina Moja

Mutu akitembea katika pori la miombo na kuegemea muti ili apumzike, pengine ganda la muti linasogea chini ya mukono wake. Anashituka, anatazama, haoni kitu. Ni ganda tu, la rangi ya majivu, lenye mikunjo na madoa meupe. Lakini akiendelea kutazama bila haraka, anaona macho mawili, kisha miguu, kisha pembe mbili nyembamba kama nyuzi, zilizonyoshwa mbele. Ganda lile lilikuwa panzi.

Kwa kawaida tunasoma katika kurasa hizi historia ya misioni na ya inchi yetu. Leo tunataka kuandika historia ya jina la mududu mumoja wa namna ile: nani alimuleta, nani alimupa jina, kwa lugha gani na kwa sheria gani. Wasomaji wengine watauliza: Padri na katekista wana kazi gani na mapanzi? Tunajibu: wana kazi na majina. Kila mwaka tunaandika majina ya watoto na ya wakubwa katika buku ya ubatizo. Na katika inchi yetu majina yamekwisha kuleta mashindano na machozi, kama tutakavyoona. Basi inafaa kujua namna jina linavyopewa kwa haki, hata likiwa jina la kitu kidogo.

I. Mududu mwenyewe

Panzi huyu si ndugu wa karibu wa nzige anayeharibu mashamba. Ni ndugu wa senene, yule ambaye watu wa Buganda na wa Bukoba wanamukaanga na kumukula kwa furaha. Alama za jamaa hilo ni wazi. Nzige ana pembe fupi na nene. Senene na ndugu zake wana pembe ndefu, mara nyingi kupita mwili wenyewe. Jike ana kitu kama kisu nyuma ya mwili, cha kutagia mayai. Dume anaimba kwa kusugua bawa la kushoto juu ya bawa la kuume, na wengi wao wanaimba usiku. Tena masikio yao hayako katika kichwa: yako katika miguu ya mbele, chini kidogo ya goti.

Wenye elimu wamekwisha kuandika aina zaidi ya 7,000 za jamaa hilo katika dunia yote. Wengi wanafanana na majani mabichi, wengine na majani makavu. Lakini liko kundi moja, katika Afrika na katika Asia, ambalo linafanana na maganda ya miti. Rangi yao ni ya majivu au ya udongo. Mwili una vinundu na meno madogo, miguu ina mapindo, mabawa yana madoa kama yale ya likeni, ni kusema vile vitu vikavu, vyeupe au vya kijani, vinavyoota juu ya miti na mawe. Muchana wanalala juu ya tawi bila kutikisika, miguu na pembe zikinyoshwa mbele, hata kivuli cha mwili kinapotea. Usiku wanaamuka na kutafuta chakula.

Je, mududu huyu anasema uongo? Mafratri wanaosoma maadili wanajua jibu. Mutakatifu Tomaso anatufundisha kwamba uongo unatoka katika nia ya mutu anayejua ukweli na kutaka kusema kinyume chake. Panzi hana nia ya namna hiyo. Anabeba tu umbo alilozaliwa nalo. Ndege wanakula wale wanaoonekana upesi. Wale wasioonekana wanabaki na kuzaa. Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekuwa amekaa miaka 11 katika inchi za muto Amazon, alieleza jambo la karibu na hilo kwa kuandika juu ya vipepeo vinavyofanana na vipepeo vingine ambavyo ndege hawapendi ladha yao. Alitoa sababu, hakutosheka kushangaa.

II. Safari ya munganga Peters

Sasa tufike kwenye historia. Mududu tunayemutafuta alitoka Msumbiji, katika inchi za pwani na za muto Zambezi, ambao unaanza karibu na mupaka wetu, huko Zambia.

Mwaka 1842 munganga kijana wa Ujerumani, Wilhelm Peters, aliyezaliwa mwaka 1815, aliondoka Ulaya kwa safari ya kujifunza vitu vya asili. Mufalme wa Prusia alitoa feza za safari, na wenye elimu wakubwa wa Berlin, kati yao Alexander von Humboldt, walimutegemeza. Peters alikaa Msumbiji miaka mingi. Alipanda muto Zambezi mpaka Tete, akatembelea miji ya pwani na visiwa, akafika hata Zanzibari na Komoro. Mwaka 1848 alikuwa amekwisha kurudi Berlin na masanduku ya samaki, nyoka, ndege, nyama wa pori, mimea na wadudu.

Alileta pia kitu kingine, na wasomaji wa Kiswahili wasikisahau. Alileta maneno. Katika safari yake aliandika maneno ya lugha za watu wa Sena, wa Tete, wa Quelimane, wa Cabo Delgado na wa pahali pengine. Mwaka 1856 Wilhelm Bleek, mufundi mukubwa wa lugha za kibantu, alitengeneza maandiko yale na kuyachapisha London kama kitabu. Basi mutu mumoja alichukua katika mizigo yake mapanzi na maneno pamoja. Lakini Ulaya vitu hivyo viliachana: maneno yakaenda kwa wafundi wa lugha, mapanzi yakaenda katika muze, ni kusema nyumba ya kutunzia vitu vya kujifunza. Mududu akafika bila jina alilokuwa nalo kwa watu waliokaa naye. Tutarudi kwenye jambo hili, sababu ndilo linalotugusa sisi.

III. Schaum anatoa jina

Peters hakuweza kueleza vitu vyote peke yake. Aliwagawia wenzake kazi. Mapanzi yalimufikia Hermann Schaum, munganga naye, aliyezaliwa mwaka 1819, mufundi wa wadudu wenye mabawa magumu. Schaum hakuwa katika safari ile. Hakuona panzi yule akilala juu ya tawi, wala hakumusikia akiimba usiku. Alikuwa na mududu mukavu tu, juu ya pini.

Mwaka 1853, katika habari za Akademia ya Berlin, Schaum alichapisha maelezo mafupi ya wadudu wapya wa Msumbiji. Kati yao alikuwa panzi wa ganda la muti. Akamupa jina Cymatomera denticollis. Miaka tisa nyuma yake, mwaka 1862, kitabu kikubwa cha wadudu wa safari ya Peters kikatoka, mwaka uleule wa maandiko ya Bates.

Ninyi mnaosoma Latini na Kigreki, tazameni namna jina lile lilivyojengwa. Sehemu ya kwanza, Cymatomera, imetoka katika maneno mawili ya Kigreki: moja lina maana ya wimbi la maji, lingine lina maana ya paja. Ni kusema: mwenye mapaja kama mawimbi. Sehemu ya pili, denticollis, ni Latini: dens ni jino, collum ni shingo. Ni kusema: mwenye shingo ya meno. Kwa hiyo, mutu akijua lugha hizo mbili, jina lenyewe linamufundisha alama za kutafuta: mapindo ya miguu na vinundu vya shingo. Lakini jina halisemi neno juu ya ganda la muti. Schaum alitoa jina kwa kitu alichokiona, na alichokiona kilikuwa juu ya meza. Tusimulaumu. Alisema kweli juu ya kile kilichokuwa mbele yake, hakuongeza.

Nyuma yake wengine waliendelea. Mwaka 1895, kule Vienna, Carl Brunner von Wattenwyl alichapisha kitabu kikubwa juu ya mapanzi wa jamaa hilo, akaweka Cymatomera na wanaofanana naye katika kundi moja. Brunner hakuwa mwalimu wa wadudu kwa kazi yake: alikuwa mukubwa wa telegrafu za Austria. Alisoma mapanzi kwa kuwapenda tu. Ni yeye aliyeshangaa, tangu mwaka 1883, kwamba mapanzi wengine wanaiga jani hata kupita lazima, na madoa ya ugonjwa na vidonda vya jani pamoja. Swali lake, kwa nini uigaji unapita kiasi, liliwasumbua wenye elimu wengi nyuma yake. Katika karne ya 20 Max Beier, wa muze wa Vienna, alitengeneza tena hesabu ya jamaa lote katika vitabu vyake vya mwaka 1960 na 1962. Hivyo jina moja limepita katika mikono ya watu wengi, na kila mumoja amelichunguza tena.

IV. Buku ya ubatizo wa wadudu

Kwa nini jina la Schaum linabaki, hata miaka zaidi ya 170 imepita? Sababu iko sheria. Wenye elimu ya nyama na wadudu wamekubaliana kuanza hesabu ya majina kwenye kitabu cha Msweden Linnaeus cha mwaka 1758. Tangu pale kila aina inapata maneno mawili. La kwanza ni la ukoo, ambalo Walatini wanaliita genus. La pili ni la aina yenyewe. Nyuma ya maneno hayo wanaandika jina la mutu aliyetoa jina, na mwaka wake: Cymatomera denticollis Schaum, 1853. Sheria hizo zimeandikwa katika kitabu kimoja cha mataifa yote, na kitabu kinachotumika siku hizi kimetoka mwaka 1999.

Tazameni namna sheria hizo zinavyofanana na buku yetu ya ubatizo. Kanuni 877 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamuamuru paroko kuandika bila kukawia jina la aliyebatizwa, jina la aliyebatiza, wazazi, wasimamizi, mashahidi, pahali na siku. Jina lisiloandikwa linaleta mashaka siku ya ndoa. Vilevile kwa wadudu: jina lililosemwa kwa kinywa tu halihesabiwi. Lazima lichapishwe, pamoja na maelezo yanayoonyesha tofauti na ndugu zake. Na kama watu wawili wametoa majina mawili kwa aina moja, kwa kawaida jina la kwanza linashinda, hata kama aliyelitoa ni mutu mudogo na wa pili ni mukubwa wa muze.

Tena kuna shahidi. Aliyetoa jina anachagua mududu mumoja, anamuwekea karatasi ndogo ya pahali na siku, anamutunza katika muze. Huyu ndiye mududu wa mufano, anayebeba jina kwa wote. Mwenye mashaka anaweza kwenda kumutazama na kusema: Bwana, umekosea. Kwa sababu hiyo jina la elimu si amri ya mukubwa. Ni ushuhuda ambao mutu ameutia sahihi, akiwaachia wengine njia ya kumusahihisha. Neno hili tungependa wasomaji walishike kuliko majina yote ya Latini.

Kwa mimea, zamani sheria ilidai maelezo ya Latini. Tangu mwanzo wa mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kwa nyama na wadudu Latini ya maelezo si lazima, lakini majina yenyewe yanabaki na umbo la Latini. Mufratri anayelalamika juu ya masomo ya Latini ajue kwamba anaweza kufungua hesabu ya viumbe vya Mungu na kuisoma, pahali wengine wanaona maneno magumu tu.

V. Jina likikosewa

Inchi yetu ina mufano mukubwa wa kosa lililosahihishwa. Vipande vya ngozi yenye mistari, kutoka musitu wa Ituri, vilifika London kwa mukono wa Harry Johnston. Mwenye elimu Sclater akatazama mistari ile, akafikiri ni punda milia wa musitu. Mwaka 1901 akamuita Equus johnstoni, ni kusema farasi wa Johnston. Lakini mwaka uleule ngozi nzima na mafuvu ya kichwa vikafika. Ray Lankester akaona kwamba si farasi hata kidogo: ni ndugu wa twiga. Akamutengenezea ukoo mupya, Okapia, kwa kufuata jina ambalo watu wa musitu wenyewe walikuwa wanamuita. Sclater aliona kipande, akahukumu mwili muzima. Ni mara ngapi nasi tunafanya hivyo na watu?

Mufano mwingine unatoka kwa ndugu zetu watawa. Longinos Navás, Myezuiti wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufa mwaka 1938, alikuwa mutu wa bidii isiyo na kipimo. Alitoa majina mengi sana kwa wadudu wa inchi nyingi, za Afrika pia. Lakini nyuma yake wafundi wamekuta kwamba mengi ya majina yake ni ya aina ambazo zilikuwa zimekwisha kuitwa na wengine. Tunamuheshimu kwa bidii yake. Lakini wazee wetu wamesema kweli: haraka haraka haina baraka. Kazi ya kufuta jina lisilofaa ni nzito kuliko kazi ya kulitoa.

VI. Majina na nguvu za watu

Sasa tuseme neno linaloumiza kidogo. Katika inchi yetu tumeona majina yakibadilishwa kwa amri. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Tangu mwaka 1971 mpaka mwaka 1997 Katanga iliitwa Shaba. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristu. Kardinali Malula akapinga, akalazimishwa kuondoka, akakaa Roma miezi kadhaa. Na tuseme kweli pande zote mbili: mbele ya amri ile, mara nyingi jina la mutakatifu lilikuwa limefunika jina la babu, na wazee wengine walisikia uchungu wasioweza kuusema. Majina mengine yaliwekwa kwa nguvu, mengine yakaondolewa kwa nguvu.

Wakati wa mabadiliko hayo yote, ua dogo linaloota kwenye udongo wa shaba karibu na muji wetu, na pahali mafundi wa zamani walipoyeyusha shaba, lilibaki na jina lake: Haumaniastrum katangense. Hata wakati hakuna barua ya serikali iliyoandika Katanga, ua liliandikwa hivyo. Na tangu mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo manne, jina halikuguswa. Sheria haiangalii nani anatawala. Huo ni uzuri wa jina linalosimama juu ya ushuhuda.

Lakini sheria hiyo nayo ina upungufu wake. Turudi kwa senene. Jina lake la elimu siku hizi ni Ruspolia differens. Neno la kwanza, Ruspolia, limetoka kwa Eugenio Ruspoli, mwana wa jamaa kubwa la Italia, aliyesafiri katika inchi za Wasomali na kuuawa na tembo mwaka 1893. Basi mama wa Bukoba anayejua siku senene watakayotua, rangi zao na namna ya kuwatunza, amebeba katika kikapu chake mududu wenye jina la mutu aliyepita tu. Karatasi ya muze ina pahali pa jina la aliyetoa jina na la aliyekusanya. Mutoto aliyesema "Bwana, tazama hapa, si ganda hili" hana pahali.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana. Tumeona jina Okapia. Mwaka 2006 wenye elimu waliwatengenezea vinyonga wengine wa Afrika ukoo mupya, wakauita Kinyongia: neno letu la Kiswahili limeingia katika Latini ya elimu. Mwaka 2015 kinyonga mumoja wa milima ya kusini ya Tanzania akaitwa Kinyongia msuyae, kwa kumuheshimu Charles Msuya, mwenye elimu wa Tanzania. Na hapa Kongo, mwaka 2007, watu wa utafiti walimuona katika Opala nyani mudogo aliyekuwa anafugwa katika nyumba ya mukubwa wa shule ya musingi. Watu wa pale walimujua siku zote, walimuita lesula. Mwaka 2012 aina ile ilichapishwa kwa jina Cercopithecus lomamiensis, kwa kufuata muto Lomami, na dunia yote inaendelea kumuita lesula. Kilichokuwa kipya kwa wenye elimu kilikuwa cha kila siku katika nyumba ya mwalimu.

Watu wetu si watu wasiojua kutofautisha. Wauzaji wa vinkubala katika masoko ya Lubumbashi hawachanganyi mumpa na chipumi. Wazee wanajua muombo, muputu na mutondo kwa ganda, kwa jani na kwa moshi wa kuni zake. Huko ni kueleza na kuita majina kwa kweli. Kinachokosekana ni buku na shahidi: kuandika, kutunza na kuonyesha.

VII. Kazi yetu

Kwa nini tunasema haya leo? Sababu pori linakwisha. Sehemu kubwa ya nyumba za Lubumbashi zinapika na makala, na makala yanatoka katika miombo. Ukifuata barabara ya Kasumbalesa au ya Likasi, unakutana na magunia na baiskeli za makala, na kila mwaka miti mikubwa iko mbali zaidi na muji. Hatuwalaumu wanaochoma makala: wengi wao ni wakristu wetu, wanatafuta karo ya watoto. Lakini tujue pia kinachopotea. Panzi aliyefanana na ganda hawezi kujificha pahali pasipo na ganda. Muti wa zamani wenye likeni ukianguka, nyumba yake, nguo yake na ngome yake vinaanguka pamoja. Aina nyingine zinaweza kupotea mbele ya mutu kuandika neno moja juu yao. Katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba viumbe vinavyopotea kwa kosa letu havitamutukuza tena Mungu kwa kuwapo kwao, na kwamba hatuna haki ya kufanya hivyo. Aliwataja hata wadudu, wale tusiowaona, kuwa wana kazi yao ya lazima. Bonde la Kongo alilitaja kwa jina.

Basi tunawaomba wasomaji wetu jambo dogo. Katekista anayekaa kijijini anajua pori kuliko profesa. Achukue daftari moja. Akikuta mududu, ua au ndege asiyemufahamu, aandike siku na pahali. Aandike ni juu ya muti gani, na jina la muti lile katika lugha ya pale. Awaulize wazee: munaitaje kitu hiki? Aandike jibu kama wanavyolisema, pamoja na jina la muzee aliyelisema, kama anakubali. Akiwa na simu, apige picha ya mbele, ya juu na ya ubavu. Na akimuona panzi juu ya ganda, apige picha mbele ya kumugusa, sababu Schaum hakuwa na picha hiyo, na jina lake lilikosa nusu ya kweli. Asitoe jina la Latini yeye mwenyewe. Ampelekee padri, na padri aitafute njia ya kufika kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wamisionari wengine walifanya hivyo zamani: Bruda Gillet, Myezuiti wa Kisantu, alianza bustani yake mwaka 1900, na mimea kadhaa ina jina lake mpaka leo. Kwa nini miaka ijayo isikuwepo mimea na wadudu wenye majina ya makatekista wa Katanga, au ya vijiji vyao, au majina yaleyale ambayo babu zao walitumia?

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Mungu alileta viumbe mbele ya Adamu, ili aone atakavyoviita. Mara nyingi tunafundisha maneno hayo kama ni habari ya ukubwa wa mutu juu ya nyama. Lakini tazameni utaratibu wake. Viumbe vililetwa kwanza, jina likafuata. Adamu hakuita jina la kitu ambacho hakijasimama mbele yake. Padri anayebatiza anauliza kwanza: munamupa mutoto huyu jina gani? Anasikiliza, ndipo anaita.

Na panzi wa ganda la muti anatufundisha hivyohivyo bila maneno. Anakaa kimya juu ya tawi, na anamupita mutu mwenye haraka. Anayetaka kumuita jina lazima asimame, atazame mara ya pili, na awasikilize wale waliomuona mbele yake.